Dirisha la Bunda
...na usiguse kipanya, Dorkas, mdogo wangu, usiguse chochote, Matrida amekwisha kumwambia mara mbili kwenye simu na bado moyo haujatulia, maana dirisha la kwanza la programu lilifungukia kulekule Bunda, kwenye skrini ya mapokezi ya hospitali, kosa lake mwenyewe, aliharakisha akasahau kuiambia seva ilete sura ya programu huku Musoma, na Dorkas na kiherehere chake akapiga simu, "Dada, kimetokea kitu huku, nibonyeze Ndiyo?", Ndiyo ya kufuta diski nzima, Mungu wangu, mafaili ya wagonjwa wote... basi sasa ameandika amri upya, ile yenye X kubwa, programu inaendeshwa kule kwenye seva, sura yake tu ndiyo inachorwa hapa mezani kwake, kwa mtandao huu wa kujikongoja, fremu ya kijivu kwanza, halafu kitufe kimoja, halafu... subiri, diski ya hospitali imejaa, kazi ni kuiongezea nafasi tu, akina mama kule wako kwenye mabenchi tangu asubuhi na mafaili hayafunguki, na nyuma yake bosi Machibya anachezesha funguo za gari, "Kazi ya Bunda inafanyikiaga Bunda," anasema, Matrida akishindwa ataitwa fundi wa Mwanza na kiti hiki kitakuwa chake, na Matrida hageuki, ageuke ya nini, jengo zima hili ni yeye peke yake anayeliweza jambo hili, anajua, raha yake anaisikia hadi vidoleni, "Sasa we unakaaga tu," anasema Machibya, "kazi gani hiyo ya kukaa?"... kukaa tu, neno hilo analifahamu, walikuwa wakimwambia baba, kule Butiama, mzee Burito na mguu wake uliolemaa, juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, ng'ombe wako bondeni, wenzake wanakimbia na fimbo, yeye anaita, Kipara, rudi, na Kipara anarudi, Madoa, toka kwenye mtama wa watu, na Madoa anatoka, na siku ile wasichana wa shule walipita wakacheka, nani huyo mvivu, na Matrida, miaka kumi na miwili, akasema simjui, simjui, na baba yuko hatua ishirini, mwenye masikio yale ya kumsikia ndama bondeni, alisikia, alisikia bila shaka, na jioni akamwita kula kwa sauti ileile ya kila siku... hakupotea ng'ombe hata mmoja, miaka yote ile, hata mmoja, na mguu wake haukusogea, loo, baba, ulikuwa kazini, ulikuwa kazini muda wote na mimi nikaona aibu... kitufe cha pili kimetokea, cha tatu bado, funguo zimenyamaza, Machibya ameinama begani kwake anatazama Bunda inavyojichora kidogo kidogo, anauliza taratibu nani alimfundisha haya, na Matrida anataka kusema chuo, mdomo umeshafunguka kusema chuo.

"Baba," anasema. "Alikuwaga anakaa juu ya jiwe, Butiama. Yule ni baba yangu."

Dirisha bado liko nusu, na Matrida amekaa, anangoja.