Kihisio cha Joto

Mashine yetu ya kerezo, ya kuchonga shafti za chuma, iliingia karakana hii ya Toledo, Ohio, mwaka uleule alioajiriwa shemeji yangu Verlin, na wote wawili wamezeeka vibaya. Chuma bado kizima, ila ubongo umekufa. Nasema juu ya mashine.

Bosi wetu, Ardis Nowicki, si mtu wa kuzungusha maneno. "Norbert, ifungie kompyuta mpya. Ijumaa mchana itoe shafti moja inayopita kwenye geji ya kupimia unene. Ikishindwa, lori la vyuma chakavu linakuja kuibeba."

"Ikiondoka, naondoka nayo," alisema Verlin, soseji ikiwa mdomoni.

Niliogopa. Mashine yenyewe haikuniuma. Vyuma vimejaa tele Ohio. Lakini tangu mke wangu Bernadine afariki, kaka yake huyu ndiye ninayekula naye mchana, na ndiye mtu pekee aliyebaki anayenitukana kama alivyokuwa akinitukana Bernadine. Sikutaka anitoke.

Basi niling'oa kabati lote la zamani, nyaya zilizokauka pamoja na kiota cha panya. Nikafunga mota mpya, skrini mpya, na kihisio cha joto kwenye kichwa cha mashine. Hicho kihisio nilijivunia. Mashine hii ikipata moto chuma chake hutanuka, na shafti hutoka nene. Miaka yote Verlin alikuwa akiweka kiganja juu ya chuma huku akitafuna donati, anatafakari, kisha anabonyeza masahihisho kulingana na joto alilolisikia. Sasa kompyuta ingepima na kusahihisha yenyewe. Nilimweleza hayo yote. Akaitikia "mm-hm," kama anavyomwitikia padri.

Alhamisi nikaiendesha mimi, shafti ikatoka sawasawa. Akaiendesha Verlin, ikatoka nyembamba. Nikarudi mimi, sawasawa. Akarudi yeye, nyembamba. Nikafungua kabati, nikakagua waya mmoja mmoja, nikabadilisha mota isiyokuwa na kosa lolote.

"Labda haikupendi," alisema Verlin.

"Wewe ndiye isiyekupenda. Mimi inanipa shafti nzuri."

"Shemeji, hata Bernadine alikuwa anakupa chakula kizuri. Usijidanganye."

Ijumaa asubuhi nilivuta stuli, nikakaa kumtazama yeye badala ya mashine. Akaiwasha. Akauma donati. Mkono wa kushoto ukapanda juu ya chuma ukatulia hapo. Mkono wa kulia ukaenda kwenye vitufe ukabonyeza, wala hakuutazama.

"Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Umeweka masahihisho."

"Sijagusa kitu mimi."

Nikamwonyesha skrini. Akaitazama namba yake kama mtu anayeambiwa kwamba anakoroma. Kompyuta ilikuwa inasahihisha, naye anasahihisha tena juu yake.

"Tia mikono mfukoni," nikamwambia.

"Halafu nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Akatia. Shafti ikatoka. Ardis akaja na geji, akaipitisha, ikapita. Akawapigia simu watu wa vyuma chakavu wasije. Mimi nikachekelea peke yangu kama mjinga.

Nilipogeuka, Verlin alikuwa anatoa vitu vyake kwenye droo: maikromita, miwani, chupa ya haradali.

"Unakwenda wapi? Mashine si imebaki?"

"Imebaki. Ila mtu wa kusimama mikono mfukoni mtampata popote." Akafunga mfuko wake. "Jumatatu nitaleta funguo za karakana."

Alikuwa amesema kweli, na aliyeifunga hiyo kweli kwa skrubu ni mimi. Siku mbili hizo za mapumziko sikupata raha hata kidogo.

Jumatatu nilimtangulia kufika. Alipoingia na funguo mkononi, skrini ilikuwa na maandishi mekundu.

"Nini tena?" aliuliza.

"Kihisio cha joto kimekufa."

"Kimekufaje?"

"Ghafla."

Akainama, akachungulia tundu mahali kihisio kilipokuwa. Kisha akatazama mfuko wa shati langu, ambamo waya ulikuwa umechomoza.

"Utaagiza kingine?"

"Vinachelewa sana kufika."

"Vinachelewa mpaka lini?"

"Wewe unastaafu lini?"

Akarudisha funguo mfukoni, akaichukua donati yangu mezani, akaiuma, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha mashine. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Bernadine alituambia wewe ni fundi mbovu," alisema.

"Aliniambia na mimi."

Akabonyeza namba yake. Shafti ikapita kwenye geji. Saa sita mchana tukala soseji, akanitukana mpaka chakula kikaisha.