Kila Kadi Yenye Nembo Ile

Alhamisi ya pili ya Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Verona Hudak alikuwa anaviringisha mikate ya jozi, ile ya kokwa zilizosagwa, katika duka lake la mikate, Youngstown, Ohio, kengele ya mlango ikalia, akaingia Andy Petrak. Andy tulimzika mwezi Machi. Alikuwa na koti lake lile lile la kiwandani. Akapangusa viatu kwenye mkeka kama kawaida yake, akapanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa ananunua biskuti za harusi ya bintiye.

"Wa jozi mmoja, Verona," alisema zamu yake ilipofika. "Na usinipe wa jana, nakujua."

"Yaani Andy, hata kufa hakujakukomesha mdomo?"

"Kule chakula hakina harufu, mama. Ndiyo maana umeniona."

Akaigusisha kadi yake kwenye mashine, na mashine ikaandika: Imekubaliwa. Andy akaunyanyua mkate kwa mikono miwili, akauweka usoni, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu kuliko pumzi yoyote niliyowahi kuiona mtu akivuta. Mzee mmoja alivua kofia. Kisha Andy akaurudisha mkate kaunta, mzima, haujamegwa, akashukuru, akaondoka. Verona alimega kipande akaonja. Ilikuwa kama kutafuna gazeti, akautupa.

Wakaja na wengine. Kwetu hakuna nyumba inayokaa Krismasi bila mkate wa jozi, na marehemu hawakutaka kuukosa. Kilichowafungulia mlango ni stika iliyobandikwa kwenye kioo, yenye nembo ya mtandao wa kadi, kampuni inayopitisha malipo ya kadi za benki. Miaka kumi na miwili nyuma Verona alisaini mkataba wa ile mashine akiwa wima, unga mikononi, bila kusoma hata ukurasa mmoja, kama tulivyosaini wenye maduka wote wa mtaa ule. Kifungu cha tano kilisema mwenye duka atapokea kila kadi yenye nembo hiyo, bila kumbagua mwenye kadi. Basi marehemu yeyote ambaye watu wake walisahau kumfungia kadi alikuwa na haki ya kuingia na kuhudumiwa.

Stefan, mume wa Verona, hakuja. Alifariki miaka sita iliyopita, na Verona, mjane makini asiyependa mambo ya kulegalega, aliifunga kadi yake siku ya tatu baada ya mazishi. Sasa kila kengele ilipolia aliinua kichwa. Hakulisema, lakini sote tulimwona.

Mwisho wa Novemba mtandao wa kadi ukagundua kwamba wateja wale ni marehemu. Ukamnyang'anya Verona malipo yao yote na kuyarudisha kwenye akaunti zao, ukabaki na ada yake, na kwa kila malipo yaliyorudishwa ukamtoza Verona faini. Kisha ikaja barua: malipo yaliyorudishwa yamezidi kiwango, mashine itakatwa tarehe ishirini Desemba, na jina la duka litaingizwa kwenye orodha inayosomwa na benki zote. Mjini kwetu watu tisa kati ya kumi hulipa kwa kadi. Bila mashine, duka lisingefika Pasaka. Verona akabandika karatasi mlangoni: Marehemu walipe taslimu. Kesho yake akapigwa faini ya ubaguzi.

"Nikiwapokea natozwa, nikiwakataa natozwa," alimwambia wakili wake, Odell Fenwick, mwenye ofisi juu ya duka la matairi. "Hawa watu wanataka nini? Nife na mimi?"

"Ukifa, Bi Verona, kadi yako wataipokea bila shida," Odell alisema huku akifunua kurasa za mkataba. Halafu kicheko kikamkauka. Mkataba ulikataza kwenda mahakamani. Mgogoro wowote ungepelekwa kwa msuluhishi, na orodha ya wasuluhishi iliandikwa na mtandao wenyewe.

Kikao kilifanyika Jumanne, kwenye chumba cha mikutano cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Cleveland. Msuluhishi alikuwa Bibi Lorraine Tuttle, jaji mstaafu aliyekuwa anamung'unya pipi za kikohozi. Tuliomsindikiza Verona tulikuwa watano. Marehemu walikuwa thelathini na wanane, wamekaa viti vya nyuma, kofia magotini.

Waliposimama kula kiapo, wote kwa pamoja, ile harufu waliyokuwa wameivuta dukani ikawatoka vinywani: jozi, siagi, hamira, sukari inayoanza kuungua pembeni mwa sinia. Ikajaa chumba, ikatoka hadi ukumbini, na wasafishaji wa hoteli wakaja kusimama mlangoni na mafagio yao. Sioni aibu kusema nililia. Hata wakili wa mtandao, kijana nadhifu mwenye tai ya kijivu, aliacha kuandika.

"Bwana Petrak," msuluhishi aliuliza taratibu, "uliupata mkate ulioununua?"

"Wote, mama. Ndio huo unaounusa."

Bibi Tuttle akafuta macho, akaandika jibu hilo kwa ukamilifu.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki, kurasa mbili. Kwa upande wa ada, mwenye kadi yu hai. Kwa upande wa malipo, amekufa. Vifungu vyote vinabaki kama vilivyo. Ila mtandao, kwa hisani yake, hautakata mashine endapo Verona atasaini mkataba mpya: ada mara mbili, hasara yote juu yake, na asilalamike tena popote.

"Usisaini," Odell alisema. "Huu ni wizi wa mchana kweupe. Heri tuuze mikate barabarani."

Verona alinawa mikono. Akavaa miwani, akakaa kwenye kiti, akausoma mkataba mpya wote, kurasa themanini na tatu, kitu ambacho hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kukifanya. Kwenye ukurasa wa sitini na moja akaweka kidole, kisha akamgeuzia Odell.

"Soma hapa."

Kifungu cha thelathini na moja kilisema kwamba, kwa madhumuni ya ukusanyaji wa ada, kadi zote zilizowahi kufungwa zitahesabiwa kuwa wazi. Odell alikisoma mara mbili. Akampa kalamu.

Jumamosi kabla ya Krismasi, saa tatu asubuhi, kengele ililia, na Stefan Hudak akapangusa viatu kwenye mkeka. Alipanga foleni nyuma ya Andy. Hakuna aliyempisha, foleni ni foleni.

"Siku ya tatu, Verona?" alisema alipofika kaunta. "Hata wiki hukunipa?"

"Nilikuwa najikaza, Stefan. Ningefanyaje?"

"Haya. Nipe wa jozi."

Akampa mkubwa kuliko yote. Mashine ikaandika: Imekubaliwa. Stefan akafumba macho, na Verona akasimama pale, unga mikononi, akikitazama kifua cha mumewe kikipanda.

Jumatatu ikaja taarifa ya malipo kurudishwa, pamoja na ada yake, mara mbili. Verona akaichomeka kwenye msumari juu ya zile nyingine, akaenda kupima unga wa Jumamosi ijayo.