Lenzi Ni ya Mama

Kwa miaka ishirini na minane watu walimwita Nanga, na hakuna aliyemwita hivyo kwa dhihaka. Jina alipewa na mteja mmoja siku umeme ulipokatika katikati ya harusi. Wapiga picha wengine walifunga mikoba yao, yeye akawasimamisha maharusi kwenye ngazi penye dirisha moja dogo, akabana pumzi, akafyatua. Picha ikatoka imetulia tuli. "Huyu mkono wake ni nanga," akasema yule mteja, na jina likamganda. Likaandikwa juu ya mlango wa studio, likachapwa kwenye kadi zake, na tusifichane, likampanda kichwani kidogo. Vijana wakimletea kamera kulalamika kwamba picha zina ukungu, aliwarudishia na kuwaambia, "Kamera haiumwi, mwanangu. Dawa ni mkono."

Basi huu ulikuwa mwaka wa pili mkono wake wa kulia una mambo yake. Ulianzia kwenye kidole cha mwisho, kikawa kinacheza peke yake kama kina muziki wake. Kisha ukafuata mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Nanga hakumwambia mtu. Alipunguza chai. Alilaumu usingizi. Alinunua mkanda mpya wa kamera, akaulaumu nao. Alipopiga picha aligandamiza kiwiko kwenye mbavu na kugeuza bega ili watu wasione, na alijiamini kabisa kwamba hawaoni.

Mkewe ndiye aliyekuwa msaidizi wake tangu mwanzo. Kazi yake ilikuwa kupanga watu, kunyoosha kola, kushika taa, na siku hizi kupiga kidogo kwa ile kamera ya pili, "ya akiba". Ila kwa mwaka mzima uliopita picha za akiba ndizo zilizokuwa zikijaza albamu, maana za Nanga zilikuwa hazitazamiki. Wateja walikuja, wakafunua, wakasema, "Nanga bado ni Nanga!" Nanga akajibu, "Tunashukuru." Neno hilo lilimwia zito kila mara, lakini alilisema.

Jumamosi ile chuo cha wauguzi kilikuwa na siku ya kiapo, na mpiga picha alikuwa Nanga. Katika wauguzi wapya arobaini na mmoja, mmoja alikuwa kitinda mimba wake. Taa za ukumbi huzimwa, wauguzi huingia kwa mstari, kila mmoja na mshumaa wake, kisha husimama mbele na kula kiapo. Kumulika watu kwa taa ya kamera ni marufuku, na njia ya katikati ni nyembamba, hapasimami kamera ya miguu mitatu. Nanga alitaka kitu kimoja tu: picha ya binti yake na mshumaa wake, iliyotulia, iliyopigwa na baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa amesikia zamani habari za lenzi zinazotuliza mtetemo wa mkono, na alizicheka hadi akakohoa. Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya kiapo, aliweka bahasha ya pesa mfukoni, akamwambia mkewe, "Vaa tutoke."

Duka la kamera lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Vitu vipya vilikaa kwenye kabati la kioo mbele, vya mtumba kwenye rafu ya nyuma. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, na mezani kwake palikuwa na kamera iliyofunguliwa matumbo.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Karibuni. Tunatafuta nini leo?"

"Marahaba," alisema Nanga. "Tunatafuta lenzi yenye stabilaiza. Ile inayotuliza mkono." Halafu akasikia maneno yake mwenyewe, akaona kadi zake zote na jina lililo juu ya mlango, na ulimi ukamponyoka. "Si yangu. Ni ya mama huyu. Mikono yake siku hizi inatetemeka."

Mkewe alikuwa anafunga mwavuli. Alimtazama mumewe, wala si kwa muda mrefu. Mtu aliyekaa na mwenzake miaka thelathini na mmoja hahitaji muda mrefu.

"Ndiyo," akasema. "Uzee huo, binti yangu. Lakini stabilaiza mimi naijua ya friji. Na hii nayo inachomekwa ukutani?"

Muuzaji akacheka, Nanga akashusha pumzi. Akajiona mjanja, kisha akajiona mwizi, yote kwa mara moja.

"Haichomekwi, mama. Imo ndani humu humu. Lakini kabla hamjanunua, nioneshe picha zinazokusumbua. Kila ukungu una sababu yake."

Nanga akatoa kamera zote mbili mkobani. Muuzaji akashusha miwani, akaanza kupitia picha za mahafali ya wiki mbili nyuma. Aliikuza moja, akamgeuzia mama kioo cha kamera.

"Watu hutazama sura tu. Wewe tazama ukuta. Ukuta ukitulia na mtu ana ukungu, ujue mtu ndiye aliyetikisika. Hapa hata ukuta una ukungu. Ukuta hautembei, mama yangu. Huu ni mkono wa mpigaji. Hii ni yako?"

Ilikuwa ya Nanga. "Ni yangu," alisema mkewe.

"Na hii?"

"Hiyo pia."

Muuzaji akaendelea kupitia, mara akatulia. Ilikuwa picha ya bibi mmoja akimvalisha mjukuu wake kofia ya mahafali, wote wawili wanacheka, na uzi mmoja mmoja wa kishada cha kofia unahesabika. Alinyanyua macho kwa Nanga, kwa heshima. "Hii sina haja ya kuuliza. Hii ni ya mzee. Mama, kaa karibu naye huyu ujifunze."

"Naendelea kujifunza," alisema mkewe kwa upole.

Nanga akatazama pembeni, kwenye rafu ya mikoba, akajifanya anasoma bei. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Ile ya bibi na mjukuu mkewe aliipiga akiwa amepiga magoti, na siku ile magoti yalimuuma hadi asubuhi. Na Nanga ndiye aliyesema "Tunashukuru".

Muuzaji aliuliza ni kazi gani iliyo mbele yao, akaelezwa habari ya wauguzi na mishumaa. Akauliza na bahasha ina kiasi gani. Akaguna, akaenda kwenye rafu ya nyuma, akarudi na lenzi mbili za mtumba.

"Bahasha yenu inabeba moja tu, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Hii ndefu ndiyo yenye stabilaiza. Mkono ukitetemeka, yenyewe inautuliza. Mtu akisimama tuli, utampata hata gizani. Lakini inatuliza mkono wa mpigaji tu. Anayepigwa akitembea, haina uwezo naye, atatoka kama moshi. Hii fupi haina stabilaiza hata chembe, ila imefunguka, inaingiza mwanga mwingi, kwa hiyo kamera inafyatua upesi. Anayetembea na mshumaa, hii itamshika. Ila inataka mkono uliotulia."

"Haiwezekani moja ikawa na yote mawili?" aliuliza Nanga.

"Ipo. Iko pale mbele kwenye kioo. Bei yake mzee usiisome umesimama."

Muuzaji akaifunga ile ndefu kwenye kamera, akampa mama. "Jaribu. Lenga lile bango la ukutani. Usijikaze, tetemeka tu kama unavyotetemeka siku zote, tuone kama itakufaa."

Mkewe akainua kamera. Nanga alimtazama akisubiri kichekesho, maana alijua mikono ile inatia uzi kwenye sindano bila miwani. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikaanza kucheza peke yake. Kikafuata kifundo cha mkono, kisha mkono wote hadi kwenye kiwiko. Mkewe akagandamiza kiwiko kwenye mbavu. Akageuza bega kidogo, kama mtu asiyetaka kuonekana.

Hakukosea hata kimoja.

Nanga aliacha kusubiri kichekesho. Hayo yote hakuwahi kumwonesha mtu. Alikuwa ameyaficha kwenye harusi, kwenye mahafali, mezani wakati wa kula. Na mke wake aliyajua yote kwa mpangilio wake, kidole hadi bega, na siku zote hizo alikaa nayo kimya, akanyoosha kola za watu, akapiga magoti, akapiga picha.

"Mama," alisema, "basi. Weka chini."

Mkewe akaishusha kamera. Mkono ukatulia palepale, na muuzaji akauona.

"Binti," Nanga akamgeukia muuzaji, "nimekudanganya. Zile za ukungu ni zangu mimi. Ile ya bibi na kofia ni yake. Na nyingine zote ulizozipenda ni zake. Mimi ndiye ninayetetemeka." Akainua mkono wa kulia juu ya meza. Ulitetemeka vizuri tu, bila aibu.

Muuzaji akairudisha miwani kichwani.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mzee wangu," mkewe alinong'ona. "Sikuwa nimekasirika."

"Najua. Ndiyo maana imeniuma."

Zile lenzi mbili zilikuwa bado mezani. Na hapo, nisiseme uongo, moyo wa Nanga ulivutana. Akinunua ile ndefu, saa ya kiapo wote watakuwa wamesimama tuli. Binti yake angempata, kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyotaka. Lakini wale arobaini na mmoja wangeingia wakitembea, na kila mmoja ana baba yake pale ukumbini. Wangetoka kama moshi. Alivuta pumzi, akaisukuma ile ndefu irudi kwa muuzaji.

"Tupe hii fupi. Jumamosi mpiga picha ni yeye."

"Na wewe utafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Nitanyoosha kola."

Muuzaji alipunguza bei bila kuombwa, jambo ambalo kwa wauza kamera ni nadra kama mvua ya mawe, akawafungia na kitambaa cha kufutia bure.

Jumamosi wauguzi walijipanga kwenye korido nje ya ukumbi, mishumaa mkononi, na Nanga akapita mstari mzima akinyoosha kola. Aligundua kuwa si kazi ndogo. Wengine walicheka kwa woga, mmoja alikuwa analia, na ilibidi awe na neno kwa kila mtu. Alipofika kwa binti yake, kifungo cha juu kilikuwa wazi. Akajaribu kukifunga. Vidole vikakataa. Akajaribu tena.

Binti yake alitazama chini. Akaubana mshumaa kwapani, akaushika mkono wa baba yake, si kama mtoto, kama muuguzi.

"Baba, tangu lini?"

Jibu la kusingizia chai lilikuwa tayari mdomoni. La usingizi pia lilikuwepo. Akayameza yote mawili. "Mwaka wa pili huu."

"Na mama anajua?"

"Mama alijua kabla yangu."

"Jumatatu nakupeleka kwa daktari. Na usinipe habari za chai."

"Sawa, muuguzi," alisema Nanga, na machozi yakamlengalenga. Binti akakifunga kifungo mwenyewe, huku mkono mwingine bado umemshika baba yake. Kamera ya mama ikafyatuka pembeni yao.

Jumapili walizitazama picha zote studio. Arobaini na mmoja, wote wanatembea, wote wametulia, kila mwali wa mshumaa umesimama wima. Ya mwisho ilikuwa ile ya korido. Nanga alitazama ukuta kwanza. Ulikuwa umetulia. Kola imetulia, kifungo, macho ya binti, hata mkunjo wa shati la Nanga mwenyewe. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa na ukungu, ndani ya mkono wa mtoto wake.

"Hii niifute?" mkewe aliuliza taratibu.

"Uifute? Ichape kubwa kuliko zote."

Jumatatu alikwenda kwa daktari, akapewa jina la ugonjwa na vidonge, na jina halikumtisha kama alivyoogopa. Jumanne alikuja baba wa muuguzi mmoja kuchukua picha zake. Akazifunua moja moja, akatikisa kichwa, akapiga kofi juu ya meza.

"Kweli bwana! Nanga bado ni Nanga!"

"Hizo si zangu," alisema Nanga. "Kapiga yule pale."

Akanyoosha mkono kumwonesha mkewe aliyekuwa anapanga viti. Kidole kikatetemeka mbele ya mteja, akakiacha kitetemeke.