Uso Aliouacha Zihindula

Nsimire alizaliwa na uso wa baba yake, na wala si maneno ya kumbembelezea mtoto. Kule Walungu, mashariki ya Kongo, watu wakimwona sokoni walicheka wakasema, tazameni, Zihindula leo amevaa kitenge! Paji lilelile, mashavu yaleyale mapana, na weusi uleule uliotulia ambao mama yake aliupenda tangu usichana wake. Kisha vita vikaja. Zihindula akauawa, nyumba ikachomwa, na picha zote zikateketea humo ndani. Mjane wake, Mama Veridiana, akabakiwa na picha moja tu ya mume, nayo ilikuwa inatembea kwa miguu yake, inakula na kucheka. Ni huyo binti.

Sasa jamani, mwenye uso kama huo alikuwa anatafuta nini kwenye krimu?

Basi, alitafuta. Mama alikuwa kambini Nakivale, Uganda, pamoja na Elisée, mdogo wake Nsimire; Nsimire mwenyewe akaenda kuhangaika Kampala, na huko wanawake wa rika lake wote walikuwa wanajichubua. Tena hawakupaka dawa moja, thubutu! Krimu ikiwa peke yake walisema imelala, lazima iamshwe na nyenzake. Kwa hiyo walikoroga: tyubu ya duka la dawa, losheni, matone ya kichupa kisicho na jina, vyote bakulini kwa kijiko. Nsimire alikuwa fundi wa kukoroga. Akang'aa, akasifiwa, akavimba kichwa. Halafu mashavu yakaanza kugeuka. Yakawa na rangi ya sufuria iliyoungulia, yenye vipele vidogo vigumu kama punje za mtama, na kila alivyozidi kupaka ndivyo yalivyozidi kuungua.

Na uso huo ndio alioingia nao Louisville, Marekani, alipopewa makazi kama mkimbizi. Mama na Elisée walipelekwa Buffalo, mbali huko kaskazini, maana wanaogawa wakimbizi hawaulizi nani anamlilia nani. Nsimire akapata kazi ghalani, akawa anafunga maboksi huku amejitanda kitambaa mpaka puani. Elisée akimpigia kwa video, yeye anaziba kamera kwa kidole gumba. "Network ni mubaya," anasema. Network gani, Louisville yote hiyo!

Mwaka 2015, majani yalipoanza kuchipua, Elisée alipiga simu.

"Dada, macho ya mama. Daktari anasema ni presha ya macho, na ile yenye imeshapotea hairudi tena. Donc, ni kusema, kabla ya baridi itakuwa imekwisha yote. Kuya. Mama anasema anataka kukuona. Anataka kukuona wewe na baba pamoja, kwa ile sura yako."

"Nitakuya," akasema Nsimire.

Alikata simu, akaenda kujitazama kwenye kioo, akalia. Angempelekea mama nini? Huyu wa kwenye kioo hakuwa Zihindula, wala hakuwa Nsimire.

Mwezi wa tano kwaya ya kanisa lao ilialikwa Columbus, na wageni wakagawiwa nyumba za kulala karibu na chuo kikuu. Nsimire akaangukia kwa Truphosa, binti wa Kikenya anayesomea udaktari wa falsafa, na kazi yake ilikuwa mwani. Ndiyo, mwani wa baharini! Truphosa alimweleza huku akisonga ugali kwamba mwani wa kahawia una kitu kinachozuia ngozi isitengeneze rangi nyingi.

Nsimire alisogea karibu. "Na inaondoa madoa?"

"Auntie, hii bado iko kwa lab. Tumejaribu kwa seli tu, si kwa watu." Truphosa alimtazama vizuri, akashusha mwiko. "Na pole nikikwambia ukweli. Hiyo yako si rangi imetengenezwa na ngozi. Ni ile dawa yenyewe iligeuka ikakaa ndani. Mwani hauwezi kuitoa. Please, wacha kupaka kila kitu, uone daktari wa ngozi."

Alisikia nusu. Ile nusu ya kwanza aliibeba mpaka Louisville kama yai, nyingine akaiacha palepale jikoni.

Huko Louisville, duka la Josiane liliuza unga wa muhogo, nywele za bandia na, lo, krimu iliyochorwa mwani kifunikoni! "Ni ya bahari, haina kemikali, ni Mungu mwenyewe alitengeneza," alisema Josiane, ambaye angeweza kukuuzia hata kivuli chako. Nsimire akapaka hiyo peke yake, na kwa kuwa alikuwa ameacha zile nyingine, ngozi ikapoa. Mwasho ukapungua. Angeishia hapo, ee Mungu, angeishia hapo tu!

Lakini Elisée alikuwa hachoki. "Mama ameanza kujigonga kwa milango. Dada, utakuya lini?" Mwani ukaonekana mvivu. Umelala, Nsimire akajisemea, unataka kuamshwa. Akalitoa bakuli, akaitoa ile tyubu ya zamani, akakoroga.

Uso uliwaka moto, ukababuka, na chini yake pakatoka ngozi nyororo ya waridi. Alifurahi mpaka akaimba! Akamwambia Elisée anakata tiketi wiki hiyohiyo. Kabla wiki haijaisha ule weusi wa kuungua ulirudi, umepanda mpaka chini ya macho, na tiketi haikukatwa. "Munipe mwezi moja," akaomba. Baada ya huo akaomba mwingine.

Theluji ilipoanguka Buffalo, Elisée hakubembeleza tena. "Leo asubuhi mama ameniuliza juu ya nini sijafungua pazia," alisema. "Nilikuwa nimeshafungua."

Nsimire alipanda basi siku hiyo. Basi lilisimama Columbus, na Truphosa, ambaye Nsimire alimpigia simu njiani, akaja kituoni na chai ya kwenye chupa. Alipouona uso ule machozi yalimtoka.

"Uliniambia kama mwani hauwezi?" Nsimire akamuuliza.

"Nilikuambia, Auntie."

Kwa Elisée, Kenmore, kando ya Buffalo, mama alikuwa amekaa kando ya dirisha, mwanga wote wa theluji ukimpiga usoni bila yeye kujua. Aliposikia sauti ya binti yake alinyoosha mikono akicheka na kulia. "Inama, mutoto wangu. Inama nikuone."

Nsimire alipiga magoti. Vidole vikaanzia kwenye paji la uso, taratibu. "Hapa ni Zihindula," mama akasema, akitabasamu. "Ni yeye huyu. Ni yeye kabisa."

Kisha vikashuka mashavuni, vikasimama. Vikapapasa tena zile punje, vikavuka upande wa pili, navyo vikazikuta huko. Tabasamu likaondoka polepole.

"Na huku ni nani?"

Elisée aliangalia sakafu.

"Baba yako, Nsimire," mama akauliza kwa sauti ndogo, "ulimupeleka wapi?"

Akaitoa mikono yake, akapangusa kwenye kitenge chake krimu iliyonata vidoleni, akaiweka mikono mapajani.