Kidevu Chini ya Leso

Akamfunika tena! Haki Twinkle, Mutahi alimfungua dada yangu mbele ya watu wote, akamwona, halafu akamfunika tena!

Ngoja, wacha nianze poa. Wewe hujawai kuja ruracio yetu sisi Wakikuyu. Siku ya mahari, msichana anafichwa katikati ya wasichana wengine, wote wamefunikwa leso mpaka miguu, na kijana anatakiwa achague wake. Akikosea, faini! Mimi pia nilikuwa kwa hiyo laini, nachungulia kwa pindo, nacheka tu.

Lakini dada yangu Wachuka hakuwa anacheka. Unajua venye amekuwa. Si kuna zile tezi mbili ndogo zinakaa juu ya figo, zile tulisoma college, adrenal? Yake moja imeota uvimbe, inamwaga homoni za kiume kama bomba imepasuka. Na hiyo homoni haina akili: kwa kidevu inaotesha ndevu, kwa kichwa inamaliza nywele. Daktari hapa Nyeri alimwambia itolewe haraka. Yeye akasema, ruracio kwanza. Amekuwa akinyoa kila asubuhi, anavaa wigi, Mutahi hajui kitu.

Leo asubuhi nikampelekea wembe. Akakataa.

"Sinyoi, Nyawira. Na wigi sitaki. Akifungua, aone mwenye anaoa."

Basi Mutahi akaingia. Shangazi yetu, Tata Wangechi, akaanza kumchokoza: "Kijana wa Kangari, umekuja kuoa ama unakagua majani chai ya kwenu?" Watu wakacheka! Mutahi akanipita, akapita wengine, akasimama kwa Wachuka.

"Ni huyu. Hata mkizima taa ningemjua."

Wamama wakapiga ngemi, vigelegele vya shangwe, mpaka mimi nikatoa machozi. Akafungua leso.

Twinkle, ngemi zilikatika hapo hapo. Mama ya Mutahi ndiye aliongea: "Mutahi, huyu ni nani?" Mutahi aliangalia kidevu, akaangalia kichwa. Halafu akashika leso, akaivuta pole pole, akamfunika, akaenda akaketi karibu na mama yake.

Wachuka akabaki amesimama ndani ya leso. Hakuna mtu alijua nani sasa anafaa kumfungua. Nikaingia huko chini, tukawa wawili. Akaniuliza na hiyo sauti yake imekuwa nzito, "Lakini alinijua, si ndio? Kati ya wote, alinijua?"

Nikamwambia ndio. Ningesema nini?

Sasa wageni wameenda, chakula imebaki sufuria nzima. Wachuka amesema kesho tushuke hosi kwa daktari, watoe hiyo uvimbe. Na simu yake inalia hapa kwa meza, ni Mutahi, imekatika, inalia tena, na yeye anaiangalia tu. Ananiita nimshikie kioo, anataka kunyoa. Wacha niende. Kesho nikitoka hosi nitapitia hapo dukani kwenu, nikuambie kama alishika hiyo simu.