Tarumbeta la Mjomba Eliakim

Katika Ghuba ya Birika yote hakuna anayeujua ukungu kuliko mimi. Naujua kwa harufu, naujua kwa uzito wake kwenye kope, na mguu wangu wa kushoto huanza kuwasha kabla haujafika. Mwaka huohuo ninaousimulia nilisimama njiani ndani ya ukungu, nikampa pole ndefu mke wa kasisi kwa kufiwa na dada yake, na nilipomaliza akanijibu kwa kutafuna ncha ya shali yangu. Alikuwa mbuzi wa jirani.

Lakini mbuzi si hoja. Hoja ni chuma.

Kwetu, ukungu ukishuka wanaume wakiwa baharini, mwanamke mmoja hupanda Rasini kugonga chuma. Ni kipande cha nanga ya zamani, kimening'inizwa kwenye mti, na nyundo kando yake. Unagonga mpaka mashua ya mwisho iingie, au mpaka mwenzako aje akupokee. Mlango wa ghuba ni mwembamba. Kushoto kwa anayeingia ipo Rasi. Kulia upo mwamba tunaouita Nguruwe, ambao huuoni, unausikia tu ukikoroma chini ya maji. Wanaume hukifuata chuma, wanakiweka mkono wa kushoto, wanapita karibu nacho kiasi kwamba ungeweza kuwarushia mkate wakaudaka. Ndivyo walivyoingia baba zao, na baba za baba zao, wale waliobahatika kuwa wazee.

Sasa Eliakim Tulk, ambaye Birika nzima humwita Mjomba, hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa bati na saa, mtu wa miaka sitini hivi, na kichwa chake hakikujua Jumapili. Alishatengeneza kofia yenye taa juu, ili mtu aonekane usiku akiwa majini, na mpaka leo nyusi zake hazijaota sawasawa. Alishatengeneza fulana ya vizibo vya chupa ya kumzuia mtu asizame, akaijaribu mwenyewe mbele yetu gatini. Ilielea vizuri sana, ila iliyokuwa juu ni miguu. Tulimvuta kwa ndoana ya mashua, na alipomaliza kutapika maji akasema kilichobaki ni marekebisho madogo.

Majira ya kuchipua akatuita shuleni baada ya ibada kutuonyesha tarumbeta. Alichukua mivukuto ya mhunzi, akaiunganisha na bomba refu la bati lililopanuka mdomoni, na vyote vikaendeshwa na mawe yanayoshuka polepole kwa kamba, kama mawe ya saa ya ukutani. Unapandisha mawe, unaondoka zako, nalo linalia lenyewe. Akatuambia kwamba mwanamke wa Birika hatalowa tena Rasini. Atakaa nyumbani miguu ikiwa karibu na jiko. Wanawake wakapiga makofi. Aliyepiga zaidi ni mkewe, Shangazi Drusilla, maana zamu yake ilikuwa kila mara inaangukia mvua. Mimi nikauliza nani atakayekuwa akipandisha hayo mawe. Mjomba akaweka mkono kifuani akasema ni yeye, na kwamba ukungu ukidumu wiki nzima, atakaa nalo wiki nzima.

Basi likapelekwa Rasini kwa toroli, likapigiliwa kibanda. Likafanya kazi mara mbili tatu, ukungu mwepesi, mashua zikaingia. Tukazoea.

Ikaja siku moja ya Julai. Mwanangu Garland, na sina mwingine, alitoka alfajiri na binamu yake Wils kwenda kuvuta nyavu. Mashua nyingine zote zilibaki nyumbani kwa sababu mguu wangu haukuwa peke yake uliokuwa unawasha, lakini vijana hao wawili walikuwa wameacha nyavu majini tangu juzi na hawakutaka samaki waharibike. Tulikuwa vichanjani tukigeuza samaki wa chumvi ukungu ulipoingia kama mtu asiyebisha hodi. Tukawafunika samaki kwa magome ya miti, na tarumbeta likaanza kulia kule Rasini. Lilikuwa na sauti ya ng'ombe aliyepewa habari mbaya.

Wenzangu wakaenda majumbani. Nami nikaenda, nikaweka miguu karibu na jiko kama tulivyoahidiwa.

Haikukaa. Tangu niolewe, ukungu ulipokuwa na mtu wangu ndani yake, mimi nilikuwa na nyundo mkononi. Sasa mikono haikuwa na kazi. Nikakanda unga wa mkate. Nikaukanda tena. Nikafagia mahali palipofagiwa. Nikamwambia paka anipishe, naye alikuwa amelala chini ya kabati. Tarumbeta likilia nakaa, likinyamaza nasimama. Unga ukawa mgumu kama kisigino, nikautupa, nikaanza mwingine, na huo nao sikuumaliza.

Likanyamaza. Likanyamaza muda mrefu kuliko wa kupandisha mawe, nikijiambia kuna kitu anakirekebisha, mpaka nikajikuta nje bila shali. Halafu likalia tena, nikashusha pumzi, nikageuka niingie ndani, na mguu ukabaki hewani kizingitini. Sauti ilikuwa ya ng'ombe yuleyule, lakini ng'ombe amehama.

Rasi iko nyuma ya nyumba yangu. Sauti hii ilinijia usoni nikiwa bado nimeelekea majini. Ilitoka ng'ambo ya maji, upande ilipo nyumba ya Eliakim Tulk, na mbele ya nyumba ya Eliakim Tulk amelala Nguruwe. Nikaelewa mara moja, kwa sababu nawajua wanaume na magoti yao. Alichoka baridi ya Rasini, akaibeba mashine kwenye toroli mpaka jikoni kwake, akidhani kelele ni kelele tu na ukungu umejaa kila mahali. Lakini mtoto wangu hasikilizi kelele. Anasikiliza mahali. Angelifuata tarumbeta, angelipitia karibu kama alivyofundishwa, na angeikuta mashua yake juu ya mgongo wa Nguruwe.

Njia ya kwenda kwa Eliakim inazunguka ghuba nzima. Rasi ilikuwa karibu. Nikakimbia, kama mwendo wa mwanamke wa umri wangu mwenye viatu vya jikoni unaweza kuitwa kukimbia.

Kibanda kilikuwa kitupu, na toroli limechora matope. Nanga ilikuwapo, nyundo haikuwapo. Fundi wetu aliiazima kupigilia kibanda na kuazima kwake ni kwa daima. Nikaokota jiwe, nikagonga.

Tarumbeta likanijibu kutoka ng'ambo. Nikagonga. Likajibu. Hapo nikaona ubaya wa ninachofanya: watu waliozoea sauti moja nawapa mbili, na moja kati ya hizo inaua. Nikataka kuacha. Mikono ikakataa.

Ndipo nikasikia injini ya Garland, tuku tuku tuku, mbali nje. Ilikuja kwangu kidogo. Tarumbeta likalia, injini ikaelekea huko. Nikagonga kwa nguvu mpaka jiwe likavunjika, nikachukua lingine, injini bado inaelekea huko. Nikamtukana Eliakim, nikamtukana aliyemfundisha saa, nikamtukana Garland pia kwa kuwa na masikio ya babake, kila tusi na pigo lake.

Injini ikazima.

Sijui kama umewahi kusikia injini ikizima ndani ya ukungu. Inaweza kuwa mtu ameizima asikilize. Inaweza kuwa maji ndiyo yameizima. Nguruwe alikuwa akikoroma vilevile kama kila siku, na hakukuwa na sauti ya mbao wala ya mtu. Niligonga bila kuhisi vidole. Tarumbeta likaanza kulia tena, likakatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo, na baada ya hapo nikabaki peke yangu na chuma changu.

Tuku. Tuku tuku tuku.

Omo ya mashua ikatoka kwenye weupe chini ya miguu yangu, Wils amesimama mbele na pondo, Garland kwenye usukani, mweupe kuliko ukungu. Alipopita akainua uso.

"Mama, tungekwenda kule. Tulikuwa tunaliona povu la Nguruwe. Halafu Wils akasema, hebu zima, hakuna mtu mwingine hapa duniani ila mama yako anayegonga chuma kama anakigombeza."

Nikamwambia asogee aingie ndani kabla sijamrushia jiwe. Sikutaka aone uso wangu.

Nilipofika gatini Mjomba Eliakim alikuwa ameshafika kabla yangu, maana nyumba yake iko hapo juu tu. Watu wengine walikuwa wamekusanyika. Garland alikuwa akifunga kamba, na aliuliza kwa upole ulionitisha zaidi kuliko ukali.

"Mjomba, tarumbeta lilikuwa wapi?"

"Rasini, mwanangu. Liwe wapi tena?"

"Mimi nimelisikia upande wa Nguruwe."

Mjomba akaeleza kwamba ukungu hupinda sauti, kwamba jambo hili linajulikana na limeandikwa na watu wenye vyeo, na kwamba mabaharia wakubwa kuliko Garland wamedanganyika. Alilieleza vizuri hata baadhi ya watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Wils akanitazama. Nikamwacha Mjomba aendelee. Nilitaka kuona atafika wapi.

"Na wewe ulikuwa nalo, Mjomba?" nikauliza, sauti tamu kama molasi.

"Sikubanduka, Kezia binti yangu. Nimelowa mpaka kwenye mifupa."

Alikuwa amevaa ndara za sufu, kavu, na makombo ya biskuti kwenye ndevu.

"Basi twende Rasini tukalitazame," akasema Garland.

"Haifai. Lazima lipoe kwanza."

"Kwani lina moto?"

"Ni mashine, mwanangu. Kila mashine ina moto wake wa ndani."

Hapo hapo tarumbeta likalia. Halikulia Rasini. Lililia juu ya vichwa vyetu, karibu kiasi cha kutikisa vioo, na mbwa wote wa Birika wakaliitikia. Mjomba Eliakim akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ndege.

"Mnasikia?" akasema. "Mnasikia linavyopindwa? Hilo linatoka Rasini kabisa."

Dirisha la jikoni kwake likafunguliwa, na Shangazi Drusilla akatoa kichwa, ameshika kipande cha ubao.

"Eliakim! Nimechomoa huu ubao uliolizibia dude lako uliposikia chuma, nilikuwa nautaka kwa kuni. Njoo ulinyamazishe, na uje na toroli ulirudishe Rasini ulikolitoa!"