Ukuta Usiofika Juu

Fundi wa dari, watu walimwita Bubu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Asubuhi hiyo alikuja tena na vipande vyake vya mfano kwapani, akavipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa: jipsamu nyeupe yenye kingo za ngazi ngazi, mbao nyembamba zilizopakwa vanishi, na plastiki inayong'aa kama sahani mpya. Akaanza kusifia kimoja, akarukia kingine, hana nukta wala mkato.

Mwenye nyumba, mshonaji wa mapazia, alivishika vyote akavigongagonga kwa kucha.

"Juzi nilisema jipsamu," alisema.

"Ulisema, dada yangu. Na kabla ya hapo ulisema mbao. Mimi sina neno, mteja ni mfalme. Ila hata mfalme mwishowe huketi."

"Niachie mpaka kesho."

Bubu alikusanya vipande vyake na kuondoka akiongea peke yake. Mshonaji alirudi kwenye cherehani, akashona pindo moja, akalifumua. Hakujua kinachomsumbua ni nini. Kwa kazi yake aliingia nyumba za watu wengi, na zamani akipanda ngazi kutundika pazia macho yake yalikuwa kwenye fimbo na vikuku. Siku hizi yalikuwa juu. Alijua dari ya mwalimu mkuu ilivyobonyea kwa maji ya mvua, na ya daktari wa meno ilivyozungushiwa maua ya plasta yaliyoshika vumbi. Kila nzuri aliyoiona aliitamani njia nzima, lakini akishaingia kwake hamu ilimtoka, kama mtu aliyefika sokoni akasahau alichofuata.

"Umemfukuza tena?" sauti iliuliza kutoka chumba cha pili.

"Sikumfukuza, Mama. Nimemwambia kesho."

"Hiyo kesho yako imeshaota ndevu."

Alikuwa mama mkwe wake. Magoti yalimkataa, kwa hiyo mchana kutwa alikaa kitandani amenyoosha miguu, upande wa pili wa ukuta wa chumba cha kushonea. Nyumba yao haikuwa na dari tangu walipohamia. Kuta zilikomea pale mbao za kenchi zinapoanza, na kutoka hapo mpaka kwenye mabati palikuwa wazi. Mtu akikohoa chumbani, aliyeko sebuleni humwambia pole. Mvua ikipiga, watu waliongea kwa mikono. Lakini siku kavu mkwe na mkaza mwana walizungumza juu ya ule ukuta bila kuonana, cherehani ikilia katikati ya maneno. Yapo mambo ambayo mshonaji asingeweza kumwambia mtu anayemtazama usoni. Aliuambia ukuta, na ukuta ukamjibu "mwanangu".

Mume wake alikuwa fundi mitambo kiwandani, mtu wa zamu. Yeye ndiye aliyeitaka dari.

"Mchagua jembe si mkulima," alimwambia mkewe aliporudi kazini, wakiwa chumbani. Alinong'ona, kama kawaida yake. Humo chumbani hakuwahi kutumia sauti nyingine.

"Sijaridhika na hata moja."

"Chagua yoyote. Mimi nataka kitu kimoja tu, niweze kusema na mke wangu. Miaka yote hii sijagombana na wewe kwa sauti yangu mwenyewe."

Mshonaji alicheka. Mume wake hakucheka. Akageukia ukutani na viatu bado miguuni.

Kesho yake kutwa nzima mama mkwe hakusema neno. Cherehani ilienda, ikasimama, ikaenda. Jua lilipoanza kushuka ndipo sauti ilipopanda juu ya ukuta, taratibu.

"Mwanangu, ziba hiyo nyumba. Mimi masikio yangu hayana mlango. Sitaki kuwa mwiba kati yenu."

"Nani amesema wewe ni mwiba?"

"Hakuna aliyesema. Mtu mzima haambiwi tazama."

Mshonaji aliinuka akaenda chumbani kwa mkwewe na mkasi mkononi. Alikuwa na maneno mengi njiani. Alipofika mlangoni na kumwona yule mama na khanga yake begani, anamtazama, maneno yalimkauka. Wakaangaliana kama wageni waliokutana kwenye foleni.

"Unataka maji?" aliuliza.

"Ninayo," alijibu mama mkwe.

Mwishowe mume alichoka kungoja. Akamwita Bubu mwenyewe, akamwambia aanze na chumba chao cha kulala, jipsamu, bapa, isiyo na ngazi wala maua. Mshonaji hakupinga. Kwa siku kadhaa nyumba ilijaa unga mweupe na hadithi za Bubu, na chumba kilipokamilika kilikuwa kizuri, kimya, cheupe kama ndani ya yai. Mshonaji aliingia humo akatoka, akaingia akatoka, hawezi kukaa.

"Sasa huku kwa mama na huku kwa cherehani," Bubu alisema. "Tumalize na jipsamu hiyo hiyo?"

"Huku usiguse," alisema mshonaji. "Paache kama palivyo."

Mume wake alikuwa nyuma yake. Alimshika mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango. Kisha akafungua kinywa, na sauti iliyotoka mkewe hakuwa ameisikia tangu amjue.

"Kwa nini? Niambie leo. Unaniona mimi mpuuzi?"

"Ni chumba changu cha kazi! Na yule ni mama yako, mchana kutwa yuko peke yake. Unataka umfungie kwenye sanduku?"

"Simfungii mtu! Mimi ndiye niliyefungiwa nje!"

"Nje ya nini?"

Mume alipumua kama aliyebeba gunia. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Mimba ilipoharibika. Nilikuwa hapa kitandani, nimetoka zamu. Ulidhani nimelala. Nilikusikia ukimwambia mama, juu ya huo ukuta. Kila kitu, tangu maumivu yalipoanza. Nikasema moyoni, atakuja aniambie na mimi. Ulikuja baada ya siku ngapi? Na ulivyoniambia ulikuwa umeshalia ukamaliza. Kwangu ulileta habari tu, kama za gazeti."

Mshonaji alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda. Alikumbuka siku aliyomwambia: alikuwa anakunja nguo, alimpa mgongo. Alikumbuka pia kwamba mume aliitikia "pole" kisha akatoka kwenda kutazama tangi la maji, na yeye akamhesabia jambo hilo kuwa ugumu wa moyo.

"Kwa nini hukusema umesikia?"

"Ningesemaje? Ningenong'ona?"

Kisha mume akaketi karibu naye.

"Sikukatazi kuzungumza na mama," alisema. "Nataka tu kuwe na jambo ninalolisikia wa kwanza."

Walipotoka, mama mkwe alikuwa amejikongoja mpaka sebuleni, ameshika kiti, Bubu akimsimulia harusi ya mtu wasiyemjua.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza, Mama."

"Vizuri. Mimi sikusikia hata neno." Alitazama pembeni aliposema hivyo, na mshonaji hakuweza kujua kama ni kweli.

Mchana huo huo alichagua, na mara hii hakurudi nyuma. Kwa vile vyumba viwili vilivyobaki alitaka zile mbao za vanishi, zipigiliwe kufuata mteremko wa paa, chini tu ya mabati, ili joto na kelele za mvua vipungue lakini ule ukuta ubaki wazi juu. Bubu alionya kwamba nyumba moja yenye dari mbili watu wataisema. Mume akamjibu kwamba watu hawalali humo.

Kazi iliisha. Mazungumzo ya juu ya ukuta yalirudi, ingawa si kama yale ya zamani. Mshonaji alikuwa akianza jambo, analisimamisha kwenye ulimi, anajiuliza ni la nani.

Siku moja, katikati ya pazia la mteja, kichefuchefu kilimshika, na alipokumbuka kilichochelewa mwezi huo mguu wake uliacha kukanyaga. Cherehani ikanyamaza. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mume wake alikuwa zamu ya mchana, na kivuli cha uzio kilikuwa bado kifupi.

"Mbona umesimama, mwanangu?" sauti iliuliza juu ya ukuta.

Alifungua kinywa. Ilikuwa rahisi mno, maneno yalikuwa yamefika menoni.

"Uzi umekatika, Mama."

Upande wa pili kitanda kililia kidogo, kama mtu anayejiinua asikilize vizuri, kisha kikatulia.

"Basi unga taratibu," alisema mama mkwe.

Mshonaji akarudi dirishani, akasimama akilitazama geti.